Maneno ya Kiingereza ya Vitu Visivyodumu

Mwanafunzi afunguaye kamusi na kutafuta maana ya maneno ya Kiingereza "fleeting", "transitory", "transient", "ephemeral" na "evanescent" huenda akakuta kwamba yote matano yamepewa tafsiri moja, yaani kisichodumu. Tafsiri hiyo si ya uwongo. Walakini, ikiwa ndiyo yote aijuayo, atayatumia maneno hayo kama mtu achukuaye kisu chochote kilicho karibu, cha kuparia samaki au cha kuchongea kalamu, kwa kuwa vyote ni visu. Kila neno katika hayo liliingia katika Kiingereza kwa mlango wake na kwa wakati wake, na hata leo limebeba picha yake lenyewe ya namna kitu kinavyokwisha.

La kwanza kwa ukongwe ni "fleeting". Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na maana yake ilikuwa kuelea majini. Kutokana na kuelea ikaja maana ya kuchukuliwa na maji, na kutokana na hiyo ikaja maana ya kupita upesi. Neno "fleet", yaani kundi la meli, limetoka katika shina hilohilo. Basi kitu kilicho "fleeting" ni kama jani lililo juu ya mkondo: lenyewe halikuharibika, ila limekwisha kupita mbele ya macho. Ndiyo maana Mwingereza hulitumia kwa tabasamu, kwa mtazamo au kwa wazo, vitu ambavyo mtu huvipata kidogo tu kabla havijamponyoka.

"Transitory" na "transient" ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yametoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuka au kupita. Hata hivyo hayakulelewa nyumba moja. "Transitory" lilikulia katika vitabu vya hekima na vya dini. Geoffrey Chaucer alilitumia mwishoni mwa karne ya 14 alipokifasiri kitabu cha Boethius, mwanafalsafa aliyeandika akiwa kifungoni. Na mwaka 1549 likawekwa katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, katika maombi kwa ajili ya wenye taabu na huzuni. Kwa hiyo neno hilo lina uzito wa hukumu. Latangaza kwamba kitu, kwa umbile lake, hakiwezi kukaa, hata kikidumu miaka mia. Fahari ya mfalme ni "transitory" hata siku ile anayotawazwa. Wasomaji wa Al-Inkishafi, utenzi uyaombolezao majumba ya Pate, waijua vema maana hiyo, wala hawakuipata kwa Waingereza. "Transient", kwa upande wake, halihukumu. Lasema tu kwamba kitu kinapita na hakikawii. Katika Marekani mgeni wa hoteli akaaye siku chache huitwa kwa neno hilo, na wahandisi wa umeme huliita hivyo badiliko fupi la mkondo litokeapo swichi inapofungwa au kufunguliwa.

"Ephemeral" lilitoka kwa Wayunani, katika maneno mawili ambayo pamoja maana yake ni kwa siku moja. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kwa njia ya waganga, nao walikusudia homa imshikayo mtu siku moja kisha ikamwacha. Aristotle alikuwa amelitumia zamani kwa mdudu wa mto Hypanis, upande wa Bahari Nyeusi, ambaye alisema huruka mchana na kufa jua likitua; na mwaka 1758 Linnaeus aliwapa jina hilo wadudu wadogo wenye mbawa nyororo waonekanao kando ya mito. Hapa historia ya neno yatoa fundisho. Mdudu huyo, kabla ya kuota mbawa, hukaa chini ya maji muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima au zaidi. Siku ile moja ni ile tu ionwayo na watu.

"Evanescent" ni la Kilatini tena, na ndani yake mna neno lenye maana ya utupu. Kitu cha namna hii hakiendi mahali pengine, wala hakina siku iliyohesabiwa. Chapungua na kupungua hata kisionekane, kama umande jua lipandapo. Isaac Newton, katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1687, alitumia asili ya neno hilo kwa viasi vipunguavyo kuelekea sifuri, na kwa viasi hivyo akaeleza hesabu za mwendo. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu wa Cloyne huko Ireland, alizikejeli hesabu hizo. Ikiwa kiasi hicho hakina ukubwa, wala si utupu, basi ni kitu gani? Wanahesabu hawakupata jibu thabiti mpaka karne ya 19.

Tofauti za maneno yanayokaribiana ziliandikiwa vitabu katika karne ya 18. Padre Gabriel Girard alitangulia mwaka 1718 kwa maneno ya Kifaransa. Katika Kiingereza alikuja John Trusler mwaka 1766, kisha Hester Lynch Piozzi mwaka 1794, kisha George Crabb mwaka 1816. Piozzi, ambaye mume wake wa pili alikuwa Mwitaliano, aliwafikiria hasa wageni wanaojifunza Kiingereza. Mwaka 1852 Peter Mark Roget, daktari aliyekuwa na umri wa miaka 73, alishika njia nyingine. Aliyapanga maneno katika mafungu 1,000 kwa kufuata maana, na maneno ya vitu visivyodumu akayaweka chini ya kichwa kimoja, pasipo kueleza neno linavyotofautiana na jirani yake. Kwa mzaliwa wa lugha kitabu hicho ni ghala. Kwa mgeni chaweza kuwa mtego, maana huona maneno yamekaa pamoja akadhani ni sawa.

Kwamba jambo hili si mchezo wa maneno tu, laonekana katika habari za karatasi. George Thomason, muuza vitabu wa London, tangu mwaka 1640 mpaka 1661 alikusanya vijitabu na magazeti zaidi ya 22,000 yaliyopigwa chapa wakati wa ugomvi wa Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge na katika miaka iliyofuata, na juu ya mengi akaandika tarehe. Zilikuwa karatasi za kusomwa leo na kutupwa kesho. Leo zimo katika Maktaba ya Uingereza, na mwenye kuandika historia ya vita vile hawezi kuzipita kando. Samuel Johnson, katika jarida lake mwaka 1751, alizilinganisha karatasi za kila siku na mdudu yule wa siku moja, huku akikiri kwamba katika maisha ya kawaida zafaa kuliko vitabu vikubwa. Baadaye neno "ephemera" likawa jina la tiketi, matangazo, vibandiko na karatasi nyingine za namna hiyo. John Johnson, aliyekuwa mpiga chapa wa Chuo Kikuu cha Oxford mpaka mwaka 1946, alizikusanya kwa wingi, na mwaka 1968 mkusanyo wake ulihamishiwa katika maktaba ya Bodleian.

Lau karatasi hizo zingeitwa "evanescent", pasingekuwa na kitu cha kukusanya. Lau zingeitwa "transitory", zingebaki mfano wa mahubiri. "Ephemeral" lilizipa siku moja, na kitu chenye siku yake chaweza kuandikiwa tarehe na kuwekwa, kama alivyofanya Thomason.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kutunga maneno matano mapya. Kiswahili kinajua chenye kuponyoka, kisichoweza kubaki, mpita njia, cha siku moja, na chenye kutoweka. Kabla ya kuchagua, yampasa kuuliza kitu anachokitaja kinakwisha kwa namna gani. Asipouliza, ataandika kisichodumu kila mahali, na msomaji wake hatajua kama ameonyeshwa jani juu ya maji, fahari ya mfalme, mgeni wa hoteli, mdudu wa mto au umande.