Mkazi, Mgeni na Mwenyeji: Haki ya Kukaa katika Historia ya Singida

Majina mzazi, mlezi na mkazi yana historia moja ya kifonolojia. Yametokana na vitenzi zaa, lea na kaa, ambavyo hivi leo havina konsonanti kabla ya irabu tamati. Katika Kibantu cha kale konsonanti hiyo ilikuwapo. Katika vitenzi imedondoka, lakini mbele ya kiambishi -i cha mtendaji iligeuka kuwa /z/ na kuhifadhiwa. Kwa hiyo umbo mkazi ni kongwe, na umbo mkaazi, ambalo limeenea katika nyaraka za serikali, ni jipya: limeundwa kwa kurejelea kitenzi kama kinavyotamkwa sasa. Wapo wanaolihesabu umbo hili la pili kuwa kosa. Hukumu hiyo ni ya haraka, kwani maumbo haya mawili yameanza kugawana kazi. Mkazi wa Singida ni mtu yeyote aishiye Singida. Kibali cha ukaazi ni karatasi. Historia ya mkoa huo inaonyesha jinsi tendo la kukaa lilivyogeuka kuwa hati, na ni nani waliopungukiwa katika mageuzi hayo.

Kitenzi kaa ni kipana. Hubeba maana ya kuketi, ya kuishi mahali na ya kudumu. Mkazi, kwa maana ya ndani ya neno, ni mtu anayeendelea kuwapo: ukazi wake hupatikana kwa kukaa, na hupotea kwa kuondoka. Anayesimama mkabala naye ni mgeni, na juu yao yuko mwenyeji, neno ambalo kwa kawaida huchambuliwa kuwa mwenye mji. Njia ya kutoka ugeni hadi ukazi imeelezwa katika methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Shuleni methali hii hufundishwa kama onyo dhidi ya uvivu. Lakini jembe ni chombo cha shamba, na anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulitumia. Imetungwa na wakulima. Haisemi mfugaji apewe nini.

Swali hilo lina uzito wa pekee Singida. Katika mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 1963, wanakutana Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wakimbu na Wagogo wa Manyoni, ambao wote husema lugha za Kibantu. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti. Na, upande wa Ziwa Eyasi, Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wafugaji wa Kisukuma nao wamehamia kwa wingi, hasa upande wa Manyoni. Mwaka 2008 Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walionyesha kuwa lugha za eneo hili la Bonde la Ufa, zisizo na asili moja, zimeazimana hata miundo ya sarufi. Lugha haziazimani sarufi kwa watu kupishana njiani. Huazimana kwa watu kukaa pamoja muda mrefu, kuoana na kulea watoto wanaosikia lugha mbili. Ushahidi wa lugha, kwa hiyo, unasema kwamba wageni wengi wa Singida walikwisha kuwa wakazi kabla hapajawa na ofisi yoyote ya kuwaandikisha.

Waliopita tu walikuwa na neno lao. Katika karne ya 19 njia ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe ilikatiza Ugogo, kisha ikaingia katika vichaka vikavu vya Itigi, sehemu ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara hongo kwa ajili ya kupita na kuteka maji. Hongo ilikuwa ada halali ya mpita njia, nayo ilijadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku kadhaa. Leo neno hilo lina maana ya rushwa. Kilichobadilika si tendo la kulipa pekee, bali pia aliyekuwa na haki ya kutoza: utawala wa kikoloni ulipojitwalia mamlaka ya kuruhusu watu kupita na kukaa, malipo ya mwenyeji wa zamani yalibaki bila uhalali.

Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya mwaka 1922. Hapo ndipo mahali pa mtu palipoanza kuandikwa daftarini. Mwenye tembe alihesabika kirahisi. Mwenye ng'ombe anayefuata majani hakuhesabika kirahisi. Wadatoga walikuwa wamesukumwa kusini na Wamasai katika karne ya 19, na jina ambalo majirani wengi huwaita, Wamang'ati, limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya maadui. Ni mfano wa kusikitisha wa jamii kuandikishwa kwa jina la kutukanwa.

Pigo kubwa zaidi kwa dhana ya mwenyeji lilikuja baada ya uhuru. Wanyaturu walizoea kuishi katika miji iliyotawanyika, kila ukoo na mashamba yake. Katika operesheni ya vijiji, iliyoshika kasi mwaka 1974, kaya nyingi zilihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ikaweka sharti la kaya zisizopungua 250 ili kijiji kiandikishwe. Mwenyeji akafanywa mhamiaji katika nchi ya babu yake. Jirani yake mpya, aliyetoka mbali zaidi, akawa sawa naye mbele ya daftari. Usawa huo ulikuwa na faida kwa wageni wakulima, kwani jembe lao lilikuwa limeshaandikwa. Mfugaji aliyekuwa malishoni siku ya kuandikisha hakuwa na faida hiyo.

Kesi iliyoweka wazi hatari hii ilitoka jirani kabisa na Singida, katika wilaya ya Hanang. Kuanzia mwaka 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada katika malisho ya Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, na baadhi yao walioondolewa walihamisha mifugo yao hadi Singida na kwingineko. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walilishitaki shirika hilo. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani iliutengua, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa tafsiri ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, yaani kwamba kila mmoja wao ni Mwafrika wa asili. Watu waliokuwa wakichunga katika nyanda hizo kabla ya sheria hiyo kutungwa walitakiwa kuleta ushahidi wa wenyeji wao. Kwa Kiswahili cha kila siku swali hilo halikuwa na maana, kwani mwenye mji haulizwi mji ni wa nani. Kwa Kiingereza cha kikoloni lilikuwa na maana, tena lilitosha kuwashinda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilirekebisha mengi. Inatambua hakimiliki ya kimila, na inampa raia asiye mkazi wa kijiji nafasi ya kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji. Hata hivyo imeiweka wazi pia njia ya kupoteza: ardhi isipokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Hapa kitenzi kaa kimerudi na ukali wake wote. Katiba, katika ibara ya 17, inampa raia haki ya kuishi popote nchini. Kijiji ndicho kinachoamua kama amekaa. Inafaa kukumbuka kuwa neno raia lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya awali ni kundi linalochungwa. Mchungaji ndiye ambaye uraia wake wa kijijini huulizwa mara nyingi zaidi.

Kwa waliotoka nje ya nchi njia ilikuwa tofauti. Sheria ya uraia ya mwaka 1961 iliwapa wakazi wengi wasio raia wa moja kwa moja miaka 2 ya kujiandikisha, na uamuzi huo uliwahusu pia wafanyabiashara wa asili ya Kiasia na Kiarabu wa miji ya bara. Katika familia za Kiasia za Singida mjini alitoka Mohammed Dewji, aliyezaliwa mwaka 1975 na kuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Kwa waliofuata, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika 10 iliyotangulia, tena awe anajua Kiswahili au Kiingereza. Asiyeomba hubaki na kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa kwa muda na kuhuishwa.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoundwa mwaka 2008, humpa mtu huyo kitambulisho cha "mgeni mkaazi". Kwa sikio la methali hilo ni jina lisilowezekana, kwa sababu siku ya tatu mgeni alikuwa amekwisha kuwa kitu kingine.