Kalamu ya Hakimu, Jicho la Kamera

Alfajiri ya Januari 24, 1941, Lord Erroll, kabaila Mwingereza aliyeishi Kenya, alikutwa ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen, Nairobi, amepigwa risasi. Sir Jock Delves Broughton, mkazi wa Karen, alishtakiwa kwa mauaji. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, aliishikilia hoja ya alama za bastola kwenye risasi hadi upande wa mashtaka ukayumba, na Julai 1 Broughton akaachiliwa. Mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyefyatua, wakitegemea karatasi na masimulizi.

Hata baada ya Uhuru, kesi nyingi za Kenya ziliishi kwenye karatasi. Hakimu aliandika kwa mkono wake, akimwambia shahidi apunguze kasi. Shahidi alisema Kiswahili au Kikamba, mkalimani akatafsiri, hakimu akaandika Kiingereza. Kusita, hasira na swali lililomkwaza shahidi vilibaki chumbani. Kisha rufaa ikija, majaji wa juu husoma maandishi hayohayo, wala hawamsikii shahidi upya. Ndiyo maana naona kinasa sauti mahakamani kinamfaa mkata rufaa kuliko mtazamaji wa televisheni.

Lakini kamera ilianza na wakubwa. Wakenya waliwatazama wanasiasa wao wakiwa mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague mwaka 2011. Machi 2013, Mahakama ya Juu jijini Nairobi ilisikiliza kesi ya uchaguzi wa urais mbele ya kamera. Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga alipotangaza kuwa uchaguzi wa urais wa mwaka huo umebatilishwa, nchi nzima ilimsikia papo hapo, na majaji wawili waliopinga nao wakasikika. Hapakuwa na haja ya kumwuliza wakili alichosikia.

Korona ilipoingia Machi 2020, kesi zikahamia kwenye simu na kompyuta. Mawakili wakawa wanajibu majaji wakiwa sebuleni.

Baadhi ya mahakama zimewekewa vinasa sauti. Hata hivyo, ukikamatwa Karen, huenda ukafikishwa Mahakama ya Kibera, na huko kesi ya wizi wa simu haina kamera ya televisheni. Ukifungwa na kukata rufaa, kwanza utangoja mwenendo wa kesi uchapwe.