Farasi wa Udongo na Kilima cha Topeka

Wakiowa wa Oklahoma husimulia kwamba wazee wao walifinyanga farasi kwa udongo. Farasi akapata uhai, akaanza kuzunguka kwa kishindo na kung'oa miti, na waliomuumba wakaingiwa na hofu. Tonado, kwao, ni farasi huyo. N. Scott Momaday, mwandishi Mkiowa, aliieleza habari hiyo katika The Way to Rainy Mountain, kitabu cha 1969, na ndani yake mna jambo linalonigusa sana: kiumbe huyo, aliyetoka mikononi mwa Wakiowa, anaielewa lugha yao. Wingu likitanda, wao husema nalo, wakiliomba lipite. Tonado ilipoufyeka mji wa Snyder mwezi Mei 1905, msanii Mkiowa Silver Horn aliuandika mwaka huo katika kalenda yake ya picha kwa kuchora farasi mwenye mkia mrefu unaopindapinda.

Topeka, mji wa Kansas, ulikuwa na simulizi yake. Kusini-magharibi mwa mji kuna kilima kiitwacho Burnett's Mound, kwa jina la Abram Burnett, kiongozi wa Wapotawatomi. Watu walisema kilima hicho kinaukinga mji, na imani hiyo wakaihesabu kuwa ya wenyeji wa asili. Tarehe 8 Juni 1966 tonado ilipita juu ya kilima hicho hicho, ikateremka, ikaupasua mji mshazari kuelekea kaskazini-mashariki. Wapo waliolilaumu tangi la maji lililokuwa limejengwa kilimani.

Sioni kama simulizi hizi ni ndugu. Ya Topeka inaupangia upepo mpaka, na anayeiamini hana sababu ya kuchungulia dirishani. Ya Kiowa nayo inatumaini salama, lakini tumaini lake ni la kuomba, na mwombaji hana budi kuligeukia wingu na kulitazama.

Wataalamu wa hali ya hewa nao huanzia kwenye wingu. Tonado hutoka katika wingu la radi, hivyo huenda linakokwenda wingu, nalo husukumwa na pepo za juu. Katika nyanda za Marekani, pepo hizo mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Bangladesh kanuni ni hiyo hiyo, ila dhoruba za kalboishakhi hutoka kaskazini-magharibi. Tonado ya Daulatpur na Saturia nchini humo, tarehe 26 Aprili 1989, iliua watu wapatao 1,300. Popote pale, kilima kidogo kama cha Topeka hakiwezi kulizuia wingu lenye kimo cha zaidi ya kilomita 10.

Tetsuya Fujita, mtaalamu Mjapani wa tonado aliyewahi kuchunguza uharibifu wa bomu la atomiki Nagasaki, aliruka kwa ndege juu ya mashamba yaliyopigwa na tonado za tarehe 11 Aprili 1965. Aliona ardhini alama za mizunguko iliyopandana. Hatimaye akaeleza kwamba ndani ya tonado kubwa huweza kuwamo visulisuli vidogo vinavyozunguka kitovu chake huku ikisonga. Ndiyo maana nyumba moja husagika na ya jirani ikabaki imesimama.

Hata hivyo, kanuni ya pepo za juu hutaja mwelekeo wa jumla tu. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado iliyofikia upana wa kilomita 4.2 iligeuka ghafla kuelekea kaskazini-mashariki na kuongeza mwendo. Ilimuua Tim Samaras, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuzipima tonado, pamoja na wenzake wawili.