Sam, Zal na Ndege Mlezi

Katika Shahnameh, utenzi ambao Ferdowsi aliumaliza huko Uajemi mwaka 1010, shujaa Sam anapata mwana, Zal, mwenye nywele nyeupe pe. Kwa kuogopa maneno ya watu, anaamuru akatupwe mlimani Alborz. Ndege Simurgh anamwokota, anamlea kiotani pamoja na makinda yake. Miaka baadaye Sam, akisumbuliwa na ndoto, anakwenda kumtafuta Zal. Simurgh anamrudisha kijana, akimpa unyoya wake wa kuchoma siku ya dhiki.

Wasimulizi wa Iran, fimbo mkononi, waliisimulia hadithi hii kwenye mikahawa. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha sanaa yao miongoni mwa zinazohitaji kuokolewa haraka.

Mimi mzazi mlezi nampenda Simurgh, lakini namheshimu pia Sam aliyekiri kosa. Wewe uliyemkataa mwanao, usingoje ndoto: nenda kamchukue.