Chakula cha Asubuhi kwa Mwenye Maradhi ya Tumbo na Aliyekatazwa Baadhi ya Vyakula

Tunaingia katika maudhui ambayo maswali yake hayakatiki, kutoka Unguja na Pemba pia. Mama ana vidonda vya tumbo, na nyumba nzima inaamkia chapati na chai ya rangi. Mzee ana kisukari, lakini kila asubuhi anawekewa tende kwa hoja kwamba ni Sunna. Kijana akila boflo tumbo linamjaa na anaharisha, akikataa anaambiwa anadeka. Wote wanauliza: nile nini asubuhi, na je, kukataa chakula cha halali ni kukufuru neema?

Makala hii inaanza na msingi wa kisheria, kisha inataja vyakula kwa kila aina ya maradhi, na mwisho inajibu maswali machache. Haichukui nafasi ya daktari. Mwenye maradhi ya figo, hasa, asifuate orodha hii bila ya ushauri wake, kwa sababu ndizi, muhogo, mbatata na kunde zina madini ya potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Kujizuia na chakula kwa ajili ya maradhi ni Sunna

Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Ummul-Mundhir, mwanamke wa Kiansari, kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza anainuka kitandani. Mlikuwa na mashuke ya tende yametundikwa. Mtume akala, na Ali akasimama kula. Mtume akamzuia, akamkumbusha kuwa bado mwili wake haujarudi. Kisha mama yule akapika shayiri pamoja na mboga ya majani iitwayo silq, na Mtume akamwelekeza Ali ale katika hicho kwa kuwa kinamfaa zaidi.

Tuizingatie hadithi hii, ina mafunzo matatu. La kwanza, chakula cha halali na chenye baraka kinaweza kumfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine, siku moja na nyumba moja. La pili, mgonjwa hakukatazwa tu akaachwa na njaa, bali alipatiwa kinachomfaa. La tatu, mzima hakuzuiwa kula tende kwa sababu ya mgonjwa. Wanazuoni huliita jambo hili *himya*, yaani kujihami na chakula kinachodhuru, na Ibnul-Qayyim amelieleza katika mlango wa tiba wa kitabu chake Zadul-Ma'ad. Kwa hiyo asiyekula ngano kwa sababu inamdhuru hakatai neema, bali analinda amana ya mwili aliyopewa.

Vidonda vya tumbo na kiungulia

Wengi wetu tumekulia katika kuamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili, njaa na mawazo. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walibaini bakteria aitwaye Helicobacter pylori katika matumbo ya wagonjwa, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa mara kwa mara. Maana yake ni kwamba chakula hupunguza au huzidisha maumivu, lakini aghalabu si chanzo cha kidonda na wala hakiui bakteria. Anayesumbuliwa apimwe, na akipewa dozi aimalize, hata kama maumivu yametulia siku ya tatu.

Asubuhi apunguze chai ya rangi kali, kahawa, ndimu, achari, pilipili na vilivyozama katika mafuta, kama vile maandazi, bajia na kachori, hasa vile anavyoona vinamchoma. Kinachowafaa wengi ni uji wa mchele au wa mtama usio mchachu, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi za kuchemsha, boga, yai la kuchemsha, papai lililoiva na chai ya mchaichai isiyo kali. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, lakini baadaye huweza kuchochea asidi, basi yasifanywe dawa. Ale kidogo kidogo, na asilale kabla ya kupita saa mbili au tatu.

Asiyeweza ngano

Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utumbo pale mtu anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Huitwa siliaki. Mgonjwa wake hana ruhusa ya "kuonja kidogo", kwa kuwa hata kidogo humjeruhi. Wapo wengine wasio na siliaki ambao ngano huwajaza gesi tu. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani akiiacha mapema kipimo huweza kusema hana maradhi na kumbe anayo.

Visiwa vyetu, alhamdulillah, vina vyakula vingi visivyo na gluteni: muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, mbatata, shelisheli, ndizi, mchele, mahindi, mtama na uwele. Mkate wa kumimina na vitumbua vya mchele mtupu ni salama, na mofa vilevile ikiwa ni ya mtama mtupu. Lakini uliza kabla ya kununua, kwani baadhi ya wapishi huchanganya unga wa ngano ili vishikane. Tambi, mkate wa mayai, mkate wa ufuta, mkate wa maji, maandazi, chapati na boflo vyote ni ngano. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasimkaangie mgonjwa wa siliaki.

Muhogo nao una adabu yake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, basi usiliwe ila baada ya kutayarishwa kwa njia inayojulikana ya kuumenya, kuuloweka na kuupika ukaiva kabisa. Mtu asinunue muhogo asioujua kisha akautafuna mbichi.

Asiyeweza maziwa

Watu wazima wengi duniani mwili wao hausagi vizuri laktosi, sukari iliyomo katika maziwa. Wakinywa chai ya maziwa tumbo hunguruma, hujaa na pengine huharisha. Huyu anywe chai ya viungo isiyo na maziwa, au ajaribu mtindi kidogo, kwani katika kuganda sehemu ya laktosi huliwa na bakteria wa mtindi. Tui la nazi halina laktosi, lakini lina mafuta mengi, hivyo mwenye kiungulia au anayeharisha atumie tui jepesi.

Kisukari na presha

Uji wa sembe uliokobolewa na kutiwa sukari hupandisha sukari ya damu upesi. Asali na sukari guru hupandisha vilevile, japo watu huziona ni nyepesi. Mwenye kisukari ale muhogo, kiazi au ndizi mbichi ya kuchemsha kwa kipimo cha ngumi ya mkono wake, na kando yake mbaazi au maharage, yai au samaki wa kuchoma, na mboga ya majani. Matunda ayale yenyewe, asiyanywe juisi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, asitumie dawa kisha akaacha kula, kwa kuwa sukari huweza kushuka ghafla akaanguka.

Mwenye presha achunge chumvi, ikiwemo iliyofichika katika boflo, hamira ya soda, samaki wa chumvi na vidonge vya mchuzi.

Kufunga choo na kuharisha

Anayefunga choo azidishe maji, papai, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Anayeharisha kwanza anywe maji yenye chumvi maalumu ya kuharisha inayopatikana vituo vya afya, kisha ale uji wa mchele, ndizi na viazi vya kuchemsha. Ambaye tumbo lake hubadilika, leo kufunga kesho kuharisha, aandike anachokula kwa wiki mbili. Huenda akagundua kuwa kinachomsumbua ni vitunguu, kabeji, maharage au maziwa, akaacha hicho kimoja badala ya kujinyima kila kitu.

Chungu kimoja, nyumba moja

Wengi hushindwa kwa sababu huona lazima wapike mara mbili. Njia nyepesi ni hii: chota fungu la mgonjwa kwanza. Ukichemsha muhogo, mtolee wake kabla hujamimina tui zito. Ukipika mbaazi, mtolee kabla ya pilipili. Ukikoroga uji, mtolee kabla ya sukari. Mfano wa siku nne:

- Siku ya kwanza: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na chai ya mchaichai.
- Siku ya pili: mkate wa kumimina na mbaazi. Mwenye kisukari akate kipande kidogo na azidishe mbaazi.
- Siku ya tatu: uji wa mtama usio na sukari, papai na njugu kidogo.
- Siku ya nne: ndizi mbichi za kuchemsha, samaki wa kuchoma na mchicha.

Kila mmoja aache kile alichozuiwa na daktari wake. Nyumba nzima ikila hivi haidhuriki, na mgonjwa hajioni mgeni kwenye mkeka wake.

Tende, asali, talbina na habbat sauda

Hapa ndipo panapoingia hatari, maana dini inatumiwa kuuza dawa. Talbina, uji mwepesi aliousifu Mtume (s.a.w.) kwa riwaya ya Bibi Aisha (r.a.), wengi huutengeneza kwa shayiri. Ni chakula chema, lakini kwa mgonjwa wa siliaki ni madhara. Tende ni chakula chema, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemzuia Ali asizile. Asali ina tiba, lakini huongeza sukari kwa mwenye kisukari, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kuhusu habbat sauda, miongoni mwa wanazuoni yumo al-Khattabi aliyefafanua kwamba tamko la hadithi ni la jumla na muradi wake ni maradhi mahsusi. Basi asiye na elimu asimwambie mgonjwa aache insulini au dozi ya vidonda kwa jina la Sunna. Akifanya hivyo amembebesha Mtume (s.a.w.) jambo asilolisema.

Ramadhani na daku

Mtu akila daku akalala pale pale, kiungulia humchoma mchana kutwa. Achelewesha daku kama ilivyo Sunna, ale chepesi, kisha abaki macho kwa sala na Qur'ani. Ambaye daktari mwaminifu amemwambia kufunga kutamdhuru, ruhusa yake imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Akitarajia kupona atalipa. Asiyetarajiwa kupona atatoa fidya, nayo katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku.

Maswali yanayoulizwa sana

*Nikialikwa na chakula kinanidhuru, nikikataa nitapata dhambi?*
La. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani, naye hakuila, na Khalid bin al-Walid akaila mbele yake bila kukatazwa. Pia hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Kwa hiyo itikia mwaliko, kaa na watu, kula unachoweza, na usikiponde kilichopikwa. Na mwenye nyumba asimwapishe mgeni ale. Kumwapisha mgonjwa ni kumtia dhikini, si ukarimu.

*Mume anasema chakula cha mke mgonjwa ni gharama ya ziada. Ni haki?*
Chakula cha mke ni katika nafaqa iliyo wajibu kwa mume, kwa uwezo wake. Akiwa hawezi ngano, kumnunulia boflo kila siku si kumlisha. Na mara nyingi muhogo na kunde si ghali kuliko chapati.

*Mama mkwe anasema maradhi ya tumbo la kijana ni uvivu tu.*
Tumheshimu mzee wetu, na tumweleze kwa upole. Aliyejua tumbo linauma wapi ni mwenye tumbo.

Dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa

Kutapika damu, choo cheusi kama lami au chenye damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, maumivu makali ya ghafla, au mtoto anayeharisha na kulegea. Dalili hizi hazisubiri uji wala dawa ya nyumbani. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na kumpeleka mgonjwa mapema ni katika kumtendea wema.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, azitie baraka riziki zetu, na atujaalie tulishe watu wetu kile kinachowafaa. Amin.

Wallahu a'lam.