Pori la Wote: Tangu Amri ya Mjerumani hadi Msitu wa Kijiji

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunaikumbuka pantoni ya Ndundu. Msafiri wa Kilwa aliweza kulala Rufiji akisubiri kuvuka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini waliochangamkia daraja kuliko sisi walikuwa wenye malori ya magogo. Ghafla msitu wetu ukawa jirani wa jiji, mninga na mpingo vikaondoka, na vijiji vikaambulia kidogo sana.

Swali la nani mwenye msitu huo si geni. Wazee wetu hawakuwa na hati. Shamba la fulani lilijulikana, na pori lililobaki lilikuwa la wote: kuchimba ming'oko, kurina asali, kukata ukindu na milala, kuokota kuni. Mwaka 1895 Wajerumani wakatoa amri kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola yao. Pori la wote, kwa kukosa mwenyewe mmoja, likahesabiwa halina mwenyewe kabisa. Misitu ya hifadhi ikafuata. Vita vya Maji Maji vilipoanza Nandete, Umatumbini, Julai 1905, pamba ya kulazimishwa ndiyo iliyosemwa zaidi, ingawa wapo wanahistoria wanaoongeza uchungu wa kufungiwa msitu.

Waingereza walikuja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923: ardhi yote ni ya umma, kwa manufaa ya wenyeji, chini ya Gavana. Maneno matamu, ila ufunguo alibaki nao Gavana. Baada ya Uhuru ukahamia kwa Rais.

Kinga ya karibu zaidi tuliyonayo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Humo kijiji kinaweza kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaongeza msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao mazao yake hayatozwi mrabaha wa serikali.

Sisi tuliozoea kukagua vitabu tunasoma vifungu vidogo kwanza. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu una kauli ya mwisho kama haizidi hekta 250. Ikizidi hapo, anayeamua ni Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano. Kampuni ya Kiholanzi iliyokuja kulima mibono ilitafuta takriban hekta 34,000 katika Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Kampuni ilifilisika baada ya miaka michache, na ardhi iliyokwisha kutoka mikononi mwa kijiji haikurudi yenyewe.

Upande wa pili wa hesabu wako Kikole na Kisangi. Walipima msitu wao, wakaandika mpango wa uvunaji, na mwaka 2009, kwa msaada wa shirika linalojulikana leo kama MCDI, wakaingia katika cheti cha kimataifa cha FSC. Mnunuzi wa gogo sasa anazungumza na kijiji.

Kupima mipaka kunataka fedha: wapimaji, vigingi, ramani, na vikao na vijiji jirani hadi pande zote zitie saini. Fungu la kwanza la michango ya mwaka huu tumelitenga kwa kazi hiyo.