Mtego wa Shoti: Neno Lililotoka Stoo ya Unga

Mwenye kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro aliniomba nimtafsirie karatasi ya maelekezo. Kifaa chenyewe kilikuwa mezani: kisanduku cheusi cha plastiki, urefu kama wa kiatu cha mtu mzima, chenye tundu upande mmoja na mfuniko juu. Nikaandika kichwa cha tafsiri bila kusita: mtego wa umeme. Neno kwa neno, nani angepinga? Alipinga mama mtunza stoo. Alikigeuzageuza kisanduku, akachungulia nyuma, akachungulia chini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii inachomekwa wapi?"

"Haichomekwi, mama. Inatumia betri."

"Na umeme ukikatika?"

"Inaendelea na kazi yake."

"Basi mbona unaiita ya umeme?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwenye vitabu vya fizikia umeme ni umeme, uwe umetoka kwenye betri au bwawani Kidatu. Lakini mtaani neno hilo lina maana finyu zaidi. Kabla ya nyaya, umeme ulikuwa ule mwanga unaopasua mawingu kabla ngurumo haijafika. Zilipokuja nguzo na nyaya, tukalipa neno la angani kazi ya duniani. Leo ukisema umeme, msikilizaji anafikiria soketi ukutani, LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliyoisha usiku, na mgao. Ndiyo maana hakuna anayeita tochi yake "tochi ya umeme", ingawa hakuna kingine kinachoiwasha. Na tukivuka mpaka tukasema "mtego wa stima", kama wasemavyo Wakenya, tumeukimbia moshi tukaingia motoni: stima ni mvuke wa Waingereza uliokwama kwenye waya, nayo pia hutafuta soketi.

Neno mtego lenyewe halina matatizo. Limezaliwa na kutega, kitenzi kipana kuliko panya. Tunatega sikio, tunatega maji ya mvua chini ya bati, na mwenye kitendawili huambiwa "tega!" Kila mara kinachowekwa tayari kinangoja kitakachokuja. Mtego wa kawaida wa panya, ule wa ubao na springi, ni wa ukoo wa kifaa alichopatia hataza Mmarekani William Hooker mwaka 1894. Huo hufyatuka: panya anagusa chambo, chuma kinaruka, tunasikia "pa!" na kazi imekwisha. Kwenye karatasi yangu palikuwa na sentensi iliyohusu "mtego ukishafyatuka", nikaikata. Kisanduku hiki hakina springi wala kishindo. Kinaua kimyakimya.

Nilimfungulia yule mama mfuniko aone. Chambo, siagi ya karanga iliyopakwa kidogo tu, hukaa mwisho kabisa. Sakafuni kuna vibati vya chuma visivyogusana. Betri nne za volti 1.5 zinafanya volti 6, ambazo hata ulimini hazitishi. Ndani, saketi ndogo hukuza volti hizo hadi maelfu kadhaa na kuzihifadhi zikisubiri. Panya akiingia, mguu mmoja unakanyaga kibati hiki, mwingine kile, na mwili wake unakuwa daraja. Yeye ndiye swichi, na yeye ndiye waya. Mkondo unapita ndani yake na sekunde chache baadaye amekufa. Nje, kitaa kidogo kinaanza kuwakawaka kumwarifu mtu aje amtoe. Mfuniko ukifunguliwa, mkondo unakatika, na njia ya kuingilia ina vikingio ili kidole cha mtu kisifike penye vibati.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Kumbe anapigwa shoti!"

Nilirudi nyumbani na neno hilo mfukoni.

Lakini kwanza tuone kwa nini kiwanda cha mikate kihangaike na kifaa cha bei namna hii, wakati sumu ya panya inauzwa kwa bei ya andazi. Nyumbani, panya akila sumu akafia darini, ni harufu ya siku kadhaa na lawama za kifamilia. Penye chakula, ni balaa. Sumu nyingi zinazotumika sasa huzuia damu kuganda, nazo huua baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo panya anatembea, anakojoa juu ya magunia, na anaweza kuibeba punje ya sumu hadi penye unga. Mtego wa gundi nao humwacha hai akihangaika kwa saa nyingi. Ndiyo maana bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayomzuia mtu wa kawaida kutega kwa gundi, na katazo hilo likaanza kutumika mwaka 2024 katika eneo la England. Mtego wa kisanduku hauachi sumu penye chakula, na mzoga unabaki ndani yake hadi uchukuliwe kwa glavu, uhesabiwe na kuandikwa daftarini. Mkaguzi akija, anaonyeshwa daftari.

Hata hivyo kifaa kina mipaka yake. Mitego mingi ya namna hii hunasa panya mmoja kwa wakati. Haitaki maji, kwa hiyo haiwekwi uani. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, hivyo huenda siku zikapita kabla hawajakizoea, na kisipowekwa ukutani kabisa, wanakopenda kupita, watakipitia mbali. Na kama mlango wa stoo una upenyo unaopitisha kalamu ya risasi, kipanya kichanga kinaingia. Kuziba matundu bado ndiyo kazi ya kwanza.

Sasa turudi kwenye jina. Kosa langu la asubuhi ile lilikuwa kwenye kale kaneno "wa". Mtego wa panya ni wa kumnasa panya. Mtego wa chuma umetengenezwa kwa chuma. Mtego wa gundi unanasa kwa gundi. Herufi mbili zinabeba mizigo mitatu, na msomaji ndiye anayepaswa kujua ni upi. Kwenye "mtego wa umeme" anachagua mzigo aliouzoea, yaani kifaa cha kuchomeka, kama pasi ya umeme na jiko la umeme.

Nilijaribu mengine. "Mtego wa betri" linajibu swali la soketi, lakini halisemi panya anakufaje. Tena iko mitego inayotumia adapta, hapo jina linageuka uongo. "Mtego wa kielektroniki" linapendeza kwenye zabuni, ila mtunza stoo hatoki na chochote. "Kinasapanya" ni zuri masikioni, ila hata ubao wa springi ni kinasapanya.

Likabaki lile la mama. Shoti, kwa lugha ya mafundi na ya mtaani, lina maana mbili: nyaya mbili kugusana pasipotakiwa, na mtikisiko anaoupata mtu aliyeguswa na mkondo. Mwanaistilahi hulikimbia neno lenye maana mbili. Hapa, walau mara moja, maana zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Mwili wa panya unaunganisha vibati viwili visivyotakiwa kuungana, na mwili huohuo ndio unaopigwa. Na hakuna anayetafuta soketi ya shoti, wala anayeinunua kwa LUKU. Lina hata hofu yake ndani: shoti ndiyo inayounguza nyumba, kwa hiyo mtoto wa jirani akisikia jina hilo hatatia mkono. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kutuonyesha njia, maana mtu aliyekumbwa na mkondo husemwa "amenaswa na umeme". Kitenzi cha mtego na kitenzi cha ajali ni kimoja.

Hofu hiyo inanipa pia pingamizi la kujibu. Wapo watu wanaotandaza waya mtupu uliounganishwa na umeme wa gridi au jenereta ili kuua wanyama waharibifu. Katika mashamba ya mpunga ya Java, Indonesia, nyaya za namna hiyo zilizotegewa panya zimeua wakulima wenyewe. Hiyo nayo si mtego wa shoti? Kwa jina tu, ingeweza kuitwa hivyo. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na waya ule ndio tafsiri kamili ya methali. Kisanduku kimebuniwa kuikanusha: ukuta, vikingio na mfuniko unaokata mkondo vipo ili asiyekuwemo asinaswe. Tofauti hiyo jina haliwezi kuibeba peke yake; inabebwa na fasili. Nami ningeiandika hivi:

Mtego wa shoti: kisanduku kilichofungwa ambamo panya, kwa kukanyaga vibati viwili vya chuma, huunganisha saketi kwa mwili wake na kuuawa na umeme wa volti nyingi uliokuzwa humohumo, hutegwa ndani ya jengo, mahali pakavu.

Nilirudisha tafsiri yangu wiki iliyofuata, kichwa kikiwa kimebadilishwa. Nilichelewa. Visanduku vinne vilikuwa vimeshapangwa kando ya ukuta nyuma ya magunia ya unga, na juu ya kila mfuniko palikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu nzito: SHOTI. USITIE MKONO.